Lori la taka lililokuwa likisikia baridi

Malori yalikuwa mawili, pacha kabisa: injini ileile ya silinda sita, mwaka uleule wa kutoka kiwandani, hata rangi moja. Moja lilipangiwa safari ndefu, jingine likafungwa boksi la kushindilia taka. Lile la safari nililiona gerejini likifika wakati wa kumwaga oili, basi. La taka lilikuja kila baada ya wiki mbili tatu, taa ya chujio la moshi imewaka, nguvu zimekatwa na kompyuta, na dereva wake, mzee mmoja mpole, akishuka taratibu kama mzazi anayerudisha mtoto hospitali kwa homa ileile.

Siku ya kwanza mzee alisema neno moja ambalo hakuna aliyelishika: "Likishapanda ule mlima wa kwenda dampo, linapona lenyewe."

Fundi mkuu wetu alikuwa ameshahukumu. Mzee hajui kuendesha, anabembeleza mafuta mno. Mimi nilikuwa bado kijana pale, nikaitikia. Nikaosha chujio. Nikabadilisha sensa ya presha. Nikachomoa nozo zote sita zikapimwe, zikarudi nzima. Mara ya nne nikafungua bomba la ekzosi pale inapopulizwa urea, ile dawa ya maji ya kusafishia moshi, nikakuta mawe meupe yameganda ukutani, magumu kama magadi ya chini ya birika. Hayo mawe ndiyo yaliyonifungua macho. Urea haigandi hivyo kwenye bomba lenye joto la kutosha.

Nikaomba nipande nalo siku moja. Mzee akacheka: "Kijana, leo utanuka." Nilinuka kweli. Laptopu ilikuwa magotini, waya umeingia kwenye kompyuta ya injini, nikawa nasoma joto la moshi kila linapopita sensa. Lori linasogea hatua chache, linasimama, vijana wanamimina mapipa, boksi linashindilia, linasogea tena. Asubuhi nzima moshi ulifika kwenye kichocheo cha urea ukiwa kati ya nyuzi 120 na 170. Mara mbili tu ulivuka 200, na zote mbili tulikuwa tunapanda mlima wa dampo.

Niseme kidogo namba hizo zina maana gani, maana bila hilo hadithi haina mguu.

Moshi wa dizeli ya kisasa hautoki moja kwa moja. Unapita kwanza kwenye kichocheo cha kuunguza, sega la kauri lililopakwa madini ya aina ya platini, ambalo humaliza kaboni monoksidi na mafuta ambayo hayakuungua. Kisha unaingia kwenye chujio linalokamata masizi. Mbele yake hupulizwa urea, mchanganyiko wa maji na urea asilimia 32.5, ambao kwa joto la bomba huvunjika ukatoa amonia. Amonia hiyo, ikifika kwenye kichocheo cha mwisho, hukutana na oksidi za naitrojeni na kuzigeuza naitrojeni ya kawaida na maji. Mpango mzuri sana. Ila kila kituo kina joto lake la kuamkia. Kichocheo cha kwanza huamka karibu na nyuzi 200 au zaidi kidogo. Urea haipulizwi chini ya hapohapo, na ikipulizwa mapema huacha yale mawe meupe. Masizi nayo huungua polepole kati ya nyuzi 250 na 400 yakipata naitrojeni dioksidi, lakini ukitaka kuyachoma kwa oksijeni tupu unahitaji nyuzi 550 kwenda juu.

Sasa rudi kwenye 120 hadi 170. Lori lile lilikuwa limebeba kiwanda kizima cha kusafisha moshi ambacho kilikuwa kimelala usingizi siku nzima.

Na kosa halikuwa la mzee. Ni tabia ya dizeli yenyewe. Injini ya petroli hukabwa hewa: unapunguza mguu, hewa inapungua, na mafuta yanafuata kwa kipimo cha kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Dizeli haifanyi hivyo. Inavuta hewa karibu yote inayoweza, na kinachopimwa ni mafuta peke yake. Ikibeba mzigo mzito, sawa, moto ni mwingi. Ikiunguruma tu imesimama, hewa inaweza kupita kilo 60 kwa kilo moja ya mafuta. Ni kama kuwasha mshumaa mmoja ukumbini na madirisha yote wazi, halafu ushangae mbona ukuta haupati joto. Hewa ile ya ziada haifanyi kazi yoyote. Inaingia baridi, inachukua joto kidogo, inatoka, na njiani inapoza vichocheo.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba kadiri wahandisi wanavyoifanya injini itumie mafuta vizuri zaidi, ndivyo joto linalobaki kwenda kwenye ekzosi linavyopungua. Injini bora hutoa moshi baridi. Wanaodai usafi na wanaodai ubanaji wa mafuta wanavuta kamba moja kutoka pande mbili, na katikati imekaa kompyuta.

Kompyuta ina mbinu zake. Inaweza kukaba hewa kwa kibati kilichowekwa makusudi. Inaweza kubana mapezi ya turbo ili injini ihangaike kutoa moshi. Inaweza kuchelewesha kupuliza mafuta, moto ukawaka pistoni ikiwa tayari inashuka, joto likaishia kwenye bomba badala ya kusukuma gari. Na likikwama kabisa, hupuliza mafuta ya ziada mwishoni kabisa mwa mwako ili yakaungulie kwenye kichocheo cha kwanza na kulipasha chujio moto. Dawa ya moto ni moto, na mbinu zote hizo zinakubali methali hiyo. Lakini zote zinalipiwa kwa dizeli. Tena ile ya mwisho ina deni la pili: sehemu ya mafuta hayo hulamba ukuta wa silinda na kushuka hadi kwenye oili. Nilipovuta kijiti cha oili cha lori la taka, oili ilikuwa imepanda juu ya alama, inanuka dizeli. Fundi mkuu akasema kuna mtu amejaza kupita kiasi. Hakuna aliyejaza. Lori lilikuwa linajaribu kujichoma masizi kila siku, halimalizi kwa sababu linasimama kila mara, na kila jaribio linamwaga dizeli kidogo kwenye oili yake.

Miaka kadhaa baadaye nilipelekwa kwenye mafunzo, na humo nikaingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba cha kupimia injini. Injini imefungwa sakafuni, imeunganishwa na breki kubwa ya umeme, ukutani skrini zinaonyesha joto, mafuta na gesi zote. Mhandisi aliyekuwa zamu, dada mdogo kwangu kwa umri, aliiweka injini kwenye mzigo mwepesi. Moshi ulisoma karibu 150. Nikajisemea, hilo hapo, lori langu. Kisha akabonyeza kitufe, sauti ya injini ikabadilika ikawa nzito kidogo, na joto likaanza kupanda: 170, 190, 220, likapita 230. Nikaangalia mtungi wa kupima mafuta nikisubiri kuona hasara. Matumizi yalikuwa yameshuka.

"Kuna kitu umekidanganya hapa," nikamwambia.

"Nimezima silinda tatu, kaka. Hakuna kingine."

Nilibisha. Gerejini sote tunajua ukichomoa waya wa nozo silinda moja ikafa, injini inatetemeka, inakula mafuta, na moshi unapoa. Akaniuliza swali moja: nikichomoa waya, valvu zinafanya nini? Nikanyamaza. Zinaendelea kufunguka na kufunga, bila shaka. Silinda iliyokufa inageuka pampu ya kusukuma hewa baridi kwenye ekzosi, na injini inalipia kazi hiyo ya kupampu.

Siri yote iko kwenye valvu. Katika mfumo huu, presha ya oili hufungua pini ndogo kwenye mkono wa valvu. Kamshafti, mhimili unaosukuma valvu, inaendelea kuzunguka kama kawaida, lakini msukumo wake unaishia hewani, valvu za kuingiza na za kutoa zinabaki zimefungwa. Ndani ya silinda kunabaki gesi iliyonaswa. Pistoni ikipanda inaibana, ikishuka gesi ile inairudishia nguvu karibu zote, kama springi. Hakuna hewa inayopita. Silinda tatu zilizobaki zinabeba kazi ya sita, kila moja inapata mafuta karibu mara mbili, na kwa hiyo inaungua kwa moto wa maana. Hesabu ya kidole inatosha: mafuta karibu yaleyale, hewa nusu, basi joto linaloongezeka juu ya lile la hewa ya nje linakaribia mara mbili. Na kwa kuwa injini imeacha kuhangaika kupampu hewa isiyo na kazi, mafuta yanapungua kidogo. Katika mbinu zote nilizotaja, hii ndiyo niliyoona inapasha moto bila kudai dizeli ya ziada.

Nikauliza kwa nini basi isitumike wakati wote. Kwa sababu mzigo ukiwa mzito silinda tatu hazina hewa ya kutosha kuunguza mafuta yote, utarudi kwenye moshi mweusi wa zamani. Mbinu hii ni ya mzigo mwepesi, yaani palepale ambapo moshi ni baridi. Vinaoana vizuri.

Kuna mambo madogo yanayomsumbua mhandisi hapa, na mimi huyapenda kuliko yale makubwa. Silinda ikifungwa muda mrefu, gesi iliyonaswa huvujia pembeni mwa ringi, mwisho ndani kunabaki karibu ombwe, na pistoni ikiwa chini inaanza kunyonya oili kwenda juu. Kwa hiyo silinda hupewa hewa mpya kila baada ya muda. Halafu mtikisiko. Injini ya silinda sita ikiwaka tatu ina mdundo mwingine, na mitikisiko ya polepole ndiyo inayomchosha mtu aliyekaa kwenye kiti. Ndiyo maana mifumo mipya haizimi silinda zilezile. Inaamua upya kila zamu ya kuwaka: hii iwake, hii irukwe. Uwiano unaweza kuwa nusu, theluthi mbili, au sehemu nyingine ya ajabu, na kompyuta huchagua ule unaotoa nguvu iliyoombwa bila kuangukia kwenye mdundo ambao gari linauitikia kwa kutetemeka.

Wazo lenyewe si geni. Mwaka 1981 Cadillac walitoa injini ya petroli ya silinda nane iliyoweza kushuka hadi sita au nne. Ilisumbua wateja, ikaachwa haraka katika magari mengi. Kompyuta za wakati ule zilikuwa nzito wa kufikiri. Kilichokuwa kinakosekana ni akili ya kuamua haraka, na akili hiyo siku hizi ipo kwenye kila boksi la injini.

Nisije nikaonekana mpiga debe, kuna mahali mbinu hii haisaidii sana: asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa. Kupasha kichocheo chenye kilo kadhaa za kauri kunahitaji joto na wingi wa moshi kwa pamoja, na ukifunga silinda umepunguza wingi. Pale ni afadhali uongeze mzunguko, ucheleweshe mafuta, au uweke hita ya umeme kwenye bomba. Kuzima silinda kunafaa zaidi kulinda joto lililokwisha kupatikana kuliko kulitafuta. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili.

Na kulinda kunapendeza zaidi mteremkoni. Dereva akiachia mguu, mafuta hukatwa kabisa, injini inazungushwa na magurudumu, na kwa dakika nzima hewa tupu ya baridi inapulizwa kwenye vichocheo. Umepanda mlima umevipasha, unashuka unavipoza. Ukifunga valvu za silinda zote sita, hakuna kinachopita, joto linabaki ndani ya sega likikusubiri. (Breki ya injini nayo inapungua, kwa hiyo kompyuta lazima ijue kama dereva anataka kuteleza au anataka kuzuiwa.) Petroli ina hadithi ya jirani: mafuta yakikatwa, sega hujaa oksijeni, na gari likikanyagwa tena kichocheo hakiwezi kuvunja oksidi za naitrojeni mpaka oksijeni ile iishe. Kompyuta humwaga mafuta kidogo zaidi kwa sekunde chache kuimaliza. Silinda zikifungwa, oksijeni haiingii, na deni hilo halipo.

Joto likishapatikana, kompyuta inaanza kufanya biashara. Oksidi za naitrojeni huzaliwa kwa wingi pale moto wa ndani ya silinda unapokuwa mkali sana, na moto mkali ndio huohuo unaobana mafuta. Kichocheo cha urea kikiwa kimelala, injini inalazimika kujizuia: inarudisha moshi kiasi kwenye silinda kupoza mwako, inachelewesha mafuta, inakubali kula dizeli zaidi na kutoa masizi zaidi. Kichocheo kikiamka, injini inaweza kuachiwa. Iunguze kwa ukali, itoe oksidi nyingi, zitasafishwa mbele kwa urea. Na sehemu ya oksidi hizo, zikigeuzwa naitrojeni dioksidi kwenye kituo cha kwanza, ndizo zinazokula masizi kwenye chujio. Lori la safari ndefu, yule pacha mwenye afya, lilikuwa likiishi hivyo kila siku bila mtu kulifanyia chochote.

Biashara hiyo ina mtego. Kichocheo huhifadhi amonia, na kikiwa na joto dogo huhifadhi nyingi zaidi. Sasa kimeze amonia wakati wa foleni, halafu gari likanyagwe kupanda mlima: joto linapanda ghafla, amonia inaachiwa kwa mkupuo. Siku ile na mzee niliinusa mwenyewe, harufu kali ya kuchoma pua, nikadhani ni taka. Sensa ya oksidi za naitrojeni nayo ina udhaifu wa kuisoma amonia kama oksidi. Kompyuta isiyo makini itaona namba imepanda, itaongeza urea, na urea itaongeza amonia. Aliyeandika programu ya kutoka kwenye mzunguko huo nampa heshima yangu yote.

Programu hizohizo zinaweza kutumika vibaya, na zimetumika. Septemba 2015 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba dizeli za Volkswagen zilikuwa na programu inayotambua gari likiwa kwenye kipimo: kwenye mashine linakuwa safi, barabarani linatoa oksidi za naitrojeni hadi mara 40 ya kiwango. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa nayo. Lakini lori langu la taka halikumdanganya mtu. Lilifaulu kipimo kihalali, kwa sababu vipimo vya wakati ule havikuulizia sana maisha ya kusimama na kusogea. California ndiyo iliyoongeza kipimo cha mzigo mwepesi kwa injini za kuanzia 2024, na papo hapo ikashusha kiwango cha oksidi za naitrojeni kutoka gramu 0.20 hadi 0.05 kwa kila nguvu-farasi kwa saa. Ndipo watengenezaji walipoanza kuzungumzia silinda za kuzimwa kwa sauti kubwa.

Sisi hatukuwa na injini ya namna hiyo. Tulivisha bomba blanketi la kuzuia joto kuanzia turbo hadi kichocheo cha mwisho. Tukasafisha mawe meupe, tukamwaga oili iliyochanganyika. Nikamwomba mzee apange safari zake ili mlima wa dampo uwe katikati ya siku badala ya mwisho, na akifika juu asizime injini mpaka chujio limalize kujichoma. Akaniangalia kwa muda.

"Si ndicho nilichosema siku ya kwanza?"

Ndicho. Lori lilikaa miezi miwili bila kurudi. Kwenye kadi ya kazi, penye nafasi ya kuandika tatizo, niliandika "baridi". Fundi mkuu akalikata kwa kalamu nyekundu, akaandika juu yake "dereva".